Sadaka haifuti amri: Kwa nini Wakatoliki walikataa pesa za Rais

Novemba 14, 2024, Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya lilitoa taarifa iliyotikisa nchi. Maaskofu walisema wazi kwamba uongo umegeuka kuwa utamaduni serikalini. Walitaja ahadi zisizotimizwa, vijana wanaotekwa nyara na kuuawa, ufisadi, ushuru unaomlemea mwananchi, na vurugu ya kuwahamisha watu kutoka NHIF hadi bima mpya ya afya huku hospitali za makanisa zikidai madeni ambayo hayajalipwa.

Siku tatu baadaye, Jumapili, Rais William Ruto alihudhuria misa katika Kanisa Katoliki la Soweto jijini Nairobi. Alitoa shilingi milioni 2 za kujenga nyumba ya padre na shilingi 600,000 za kwaya na watoto wa parokia. Akaahidi milioni 3 nyingine na basi juu yake. Jumatatu, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatoa taarifa yake. Pesa zirudishwe. Basi halitakiwi.

Mambo haya yameandikwa sana kama habari za siasa. Wapo waliosema maaskofu wametumwa na upinzani. Wapo waliosema ni hasira za madeni ya hospitali. Wengine walifurahi tu kwa kuwa Rais ameaibika mbele za watu. Mimi si Mkatoliki. Ni Mwislamu wa hapa Mombasa, na kauli za maaskofu hawa nimezifuatilia kwa miaka. Naona kwamba anayelitazama jambo hili kwa jicho la siasa pekee ameacha kiini chake. Kwa Mkatoliki, amri za Mungu si maoni ya askofu, na hakuna binadamu mwenye ruhusa ya kuzilegeza, awe na pesa au awe na cheo. Imani hiyo ndiyo iliyowapa maaskofu ujasiri wa kusema. Imani hiyo hiyo ndiyo inayowabana wao wenyewe. Na sisi wa Pwani, Waislamu kwa Wakristo, ina la kutufunza kabla ya uchaguzi wa 2027.

Sheria ya Mungu na sheria ya Kanisa

Kwanza tuelewane kuhusu amri zenyewe. Ni zile kumi alizopewa Nabii Musa mlimani Sinai, ambazo Wakristo wanazisoma katika kitabu cha Kutoka sura ya 20 na Kumbukumbu la Torati sura ya 5. Wakatoliki wanazihesabu kwa mpango wa Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Algeria. Kwa hesabu hiyo, usiue ni amri ya tano, usiibe ni ya saba, na usiseme uongo ni ya nane. Waanglikana na Waprotestanti wengi wanahesabu tofauti, ndiyo maana kwao usiue ni ya sita na uongo ni wa tisa. Kwa hiyo ukimsikia padre akizungumzia amri ya nane na pasta akizungumzia ya tisa, usidhani wanabishana. Amri ni zile zile.

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu tulio nje ya Kanisa hilo tunalichanganya. Wakatoliki wanatofautisha sheria ya Kanisa na sheria ya Mungu. Kutokula nyama siku za Ijumaa ni sheria ya Kanisa. Padre wa mapokeo ya Kilatini kutooa ni sheria ya Kanisa. Misa kusomwa kwa Kilatini ilikuwa sheria ya Kanisa, na baada ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, lugha za watu zikaruhusiwa, Kiswahili kikiwemo. Wakati wa korona, mwaka 2020, maaskofu waliwaondolea waumini wajibu wa kwenda misa kila Jumapili. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu namna ya kuitimiza siku ya Bwana imepangwa na Kanisa. Aliyeiweka sheria anaweza kuilegeza.

Amri za Mungu haziko katika fungu hilo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha kwamba amri kumi hazibadiliki, zinamfunga kila mtu mahali popote na wakati wowote, na hakuna awezaye kumpa mwingine ruhusa ya kuzivunja. Ukimuuliza katekista mzuri, atakwambia kwamba hata Papa mwenyewe hawezi kuamka asubuhi moja akatangaza kuwa wizi umekuwa halali mwaka huu kwa sababu maisha yamepanda bei.

Fundisho hili halikuzuka juzi. Karne ya 16, wakati Ulaya imegawanyika kwa mabishano ya dini, palikuwa na hoja kwamba mtu akishaokolewa kwa imani, amri hazimhusu tena. Mtaguso wa Trento mwaka 1547 ulilikataa jambo hilo na kusema kwamba Mkristo, hata aliyehesabiwa haki, bado amefungwa na amri. Papa John Paul II alilirudia mwaka 1993 katika waraka wake Veritatis Splendor. Aliuanza na kisa cha Injili cha kijana tajiri aliyemwendea Yesu kuuliza afanye nini apate uzima wa milele, na jibu la kwanza alilopewa likawa kuzishika amri. Papa alijenga hoja kwamba yapo matendo ambayo ni maovu kwa asili yake. Nia njema haiyatakasi, wala hali ngumu haiyageuzi kuwa mema.

Msomaji Mwislamu hatashangaa. Torati tunaikubali kuwa ilishushwa kwa Nabii Musa, na katika Suratul An'am, aya ya 151 hadi 153, na Suratul Israa, aya ya 22 hadi 39, mna makatazo yanayokaribiana sana na hayo: usimshirikishe Mungu, wafanyie wema wazazi, usiue, usizini, usile mali ya yatima, usipunje mizani. Tunatofautiana na Wakatoliki katika mambo makubwa ya imani, na tofauti hizo sizifichi. Lakini katika hili la kwamba haramu ya Mungu haihalalishwi na binadamu, tuko jirani kuliko tunavyodhani.

Kilichokataliwa Soweto

Sasa turudi kwa milioni 2. Katika taarifa yake, Askofu Mkuu Anyolo alisema Kanisa halitaki kuingiliwa na siasa, akataja msimamo wa maaskofu na mswada wa kudhibiti michango ya umma. Ni sababu za kueleweka. Isitoshe, Rais mwenyewe alikuwa ametangaza Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana wa Gen-Z, kwamba maafisa wa serikali hawatashiriki tena katika harambee. Miezi minne baadaye alikuwa madhabahuni na michango.

Lakini nyuma ya sababu hizo ipo nyingine, nayo ndiyo nzito zaidi. Maaskofu walikuwa wamesema kwamba amri zinavunjwa: uongo, amri ya nane, wizi wa mali ya umma, amri ya saba, mauaji ya vijana, amri ya tano. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka huo. Maneno kama hayo yakitamkwa Alhamisi, kisha zawadi ikapokewa Jumapili, muumini wa kawaida ataelewa nini? Ataelewa kwamba kilichosemwa kilikuwa bei ya kuanzia. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na wanasiasa wetu wanaifuata methali hiyo kama katiba. Mkono uliojaa unalambwa, na ulimi unaolamba haupati nafasi ya kukemea.

Sisemi kwamba pesa zile zilikuwa za wizi. Sina ushahidi wa jambo hilo, na amri ya nane inanihusu mimi mwandishi pia. Ninachosema ni kwamba mafundisho ya Kikatoliki kuhusu wizi yana sehemu moja ambayo wanasiasa hawapendi kuisikia, nayo ni kurudisha.

Mkatoliki akiungama kwa padre kwamba ameiba, padre anaweza kumpa ondoleo la dhambi kwa jina la Mungu. Hawezi kumsamehe deni kwa niaba ya aliyeibiwa. Katekisimu inasema haki inadai mali iliyoibwa irudishwe kwa mwenyewe. Wanamkumbuka Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, ambaye siku alipomkaribisha Yesu nyumbani aliahidi kuwalipa mara nne wote aliowadhulumu. Hakusema atajenga sinagogi. Hakuahidi basi. Alisema atawarudishia wenyewe.

Hapa tena Mwislamu atatikisa kichwa kukubali. Masheikh wetu wanatufundisha kwamba toba ya dhambi baina yako na Mola wako ina masharti yake, lakini haki ya mja ina sharti la ziada: mrudishie mwenyewe au umwombe akusamehe. Sadaka haichukui nafasi ya deni. Ukiiba ng'ombe wa jirani kisha ukamchinja kwa ajili ya mayatima, jirani bado hana ng'ombe.

Ipeleke sheria hiyo kaunti yoyote ya Pwani uone itakavyouma. Anayejiuzia kiwanja cha shule, anayekula fedha za basari, anayelipwa kwa barabara ambayo haikujengwa, hao wote wana wenyewe wa kuwarudishia. Ardhi yetu hapa ina historia ndefu ya dhuluma. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwaacha watu wengi wa Pwani bila hati za mashamba ya wazee wao, na hadi leo maelfu wanaitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Halafu mtu aliyefaidika na dhuluma hiyo anakuja siku ya ibada, anatoa saruji mifuko hamsini, na sisi tunampa kipaza sauti. Kanisa au msikiti unaopokea saruji hiyo bila kuuliza swali umejigeuza stoo ya mali ya watu.

Amri inapotukinga na wahubiri

Wapo watakaosema kwamba kung'ang'ania amri ni ukale, na kwamba dini ya kweli ni roho na miujiza. Sisi wa Pwani tusingepaswa hata kuuliza swali hilo baada ya Shakahola. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu ule wa kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400, wakiwemo watoto wengi, walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa, nao wakayakana mashtaka. Hukumu ni ya mahakama.

Ninachotaka kukionyesha ni namna mlango ulivyofunguliwa. Anapotokea mtu akasema Mungu amemwambia jambo jipya, na jambo hilo linapita juu ya usiue, muumini ana ngao gani? Kwa Mkatoliki ngao ipo. Kanisa lake linafundisha kwamba ufunuo wa hadhara ulikamilika kwa Kristo na mitume wake, na kwamba maono ya mtu binafsi, hata yakikubaliwa, hayawezi kuongeza wala kusahihisha kilichokwisha kufunuliwa. Padre akianza kuhubiri kwamba mtoto anyimwe chakula hadi afe, mkulima asiyejua kusoma aliyekariri amri kumi utotoni ana haki ya kusimama na kusema hapana. Ana haki hiyo mbele ya padre, mbele ya askofu, mbele ya yeyote. Amri imemtangulia kiongozi wake. Watu wanaodhani kwamba amri zisizobadilika zinamfunga muumini mdogo pekee wamesahau kwamba zinamfunga kwanza mkubwa anayemwongoza.

Tena si jambo la vitabuni tu. Agosti 1997, ghasia za Likoni zilipozuka na watu wa bara wakaanza kuuawa na kuchomewa nyumba, maelfu walikimbilia Kanisa Katoliki la Likoni na kulala uwanjani. Hata pale walishambuliwa. Wenye umri wangu wanakumbuka. Siku zile siasa ilikuwa imewapa watu sababu nyingi za kumchukia jirani, na usiue ilikuwa na wasikilizaji wachache. Kama uhalali wa amri ungetegemea kura, ingeshindwa mchana kweupe.

Maswali magumu

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia kwenye sifa. Yapo maswali matatu ambayo Wakatoliki wanaulizwa, na wanastahili kuulizwa.

La kwanza ni hukumu ya kifo. Kwa karne nyingi Kanisa lilikubali kwamba dola inaweza kumnyonga mhalifu. Agosti 2018, Papa Francis alibadilisha kifungu cha Katekisimu na kusema adhabu hiyo haikubaliki. Basi mbona mnasema amri hazibadiliki? Jibu lao ni kwamba amri ya tano imebaki pale pale, kilichokua ni uelewa wa Kanisa kuhusu heshima ya binadamu, hata yule mwenye hatia. Wapo Wakatoliki ambao hawakuridhika na jibu hilo. Mimi naliona lina mantiki, ila linadai unyenyekevu: kama uelewa unaweza kukua, basi askofu wa leo pia ajue huenda kuna jambo ambalo hajalielewa. Kwetu Kenya swali hili si la kinadharia. Mara ya mwisho mtu kunyongwa kwa amri ya mahakama ilikuwa mwaka 1987, lakini adhabu yenyewe bado imo katika sheria zetu.

La pili ni mwaka 2010. Katiba mpya ilipopelekwa kwenye kura ya maoni Agosti 4, viongozi wa makanisa, maaskofu wa Kikatoliki miongoni mwao, waliipinga. Sababu yao kubwa ilikuwa kifungu cha 26 kuhusu utoaji mimba. Hilo nalielewa hata nikiwa nje, kwa kuwa kwao ni amri ya tano, na hawakuwa na nafasi ya kujadiliana. Lakini katika upinzani ule wa makanisa ilichanganywa pia Mahakama ya Kadhi, na hapo wengi wetu wa Pwani tuliumia. Hakuna amri kati ya zile kumi inayovunjwa na Mwislamu kugawa mirathi mbele ya kadhi. Ile ilikuwa siasa iliyovikwa kanzu. Tangu siku hiyo nimejiwekea kipimo: kiongozi wa dini anaposema jambo hili ni sheria ya Mungu, muulize ni amri ipi. Akiweza kuionyesha, msikilize hata kama inakuuma. Akishindwa, basi ametoa maoni yake, na maoni yake yana uzito sawa na yangu na yako.

La tatu ndilo chungu zaidi. Kanisa lililowaambia wanasiasa wasiseme uongo limeficha uongo wake. Katika nchi nyingi, mapadre waliowadhulumu watoto kingono walihamishwa parokia badala ya kushtakiwa, na maaskofu wakanyamaza. Nyani haoni kundule. Ni kweli kwamba hatua zimechukuliwa: mwaka 2019 Papa Francis aliweka utaratibu wa kuwachunguza hata maaskofu, na sheria ya adhabu ya Kanisa iliyoanza kutumika Desemba 8, 2021 iliihamisha dhuluma dhidi ya watoto na kuiweka katika fungu la makosa dhidi ya uhai, heshima na uhuru wa binadamu. Maana yake ni kwamba Kanisa limekiri kuwa padre wa namna hiyo hakuvunja usafi wake tu. Alimuumiza mtu. Lakini mabadiliko hayo yalikuja baada ya waathiriwa kupiga kelele kwa miongo mingi.

Baadhi ya watu wanatumia doa hilo kusema basi maaskofu wanyamaze. Mimi naona kinyume chake. Askofu anayeficha uovu anahukumiwa na ile ile amri anayoihubiri, na ndiyo maana waathiriwa walipata lugha ya kumshtaki. Kama amri ingekuwa mali ya askofu, angeweza kujisamehe na kesi ikaisha. Si mali yake, kwa hiyo hawezi.

Tufanye nini sisi

Machi 2025 tuliona upande wa pili wa Soweto. Rais aliahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la kiinjili mtaani Roysambu, Nairobi, na Jumapili iliyofuata vijana waliandamana hadi kanisani huko huku polisi wakirusha vitoa machozi. Vijana wale wengi wao si wanateolojia. Lakini walikuwa wameelewa jambo ambalo baadhi ya wachungaji hawataki kulielewa: mwananchi anayelipa ushuru ana haki ya kuuliza mtoaji amepata wapi.

Uchaguzi wa 2027 unabisha hodi, na misafara itaanza kumiminika Pwani. Wataingia makanisani na bahasha, na wataingia misikitini na mazulia, tende na mchele wa futari. Mtego ni mmoja, ila kanzu hubadilishwa kulingana na siku, Ijumaa au Jumapili. Napendekeza mambo matatu, na simchagulii mtu dini katika hayo.

Kwanza, kamati za misikiti na mabaraza ya parokia waandike na kubandika ukutani kila mchango unaozidi kiasi fulani watakachokubaliana: nani ametoa, kiasi gani, na kwa ajili ya nini. Mchango unaoogopa kubandikwa ukutani usipokewe.

Pili, mwanasiasa akija kuswali au kusali, na akaribishwe kama muumini mwingine. Akae, asikilize, aondoke. Maikrofoni ni ya mwenye mahubiri.

Tatu, na hili ni letu wapiga kura. Si haki tumlaumu mbunge kwa bahasha ya kanisa huku sisi tunapokea mia mbili ya kura. Amri haikusema usiibe isipokuwa kidogo. Mkatoliki anayeuza kura yake Jumamosi na kupokea Ekaristi Jumapili anajua Kanisa lake linamwambia nini. Mwislamu anayepokea rushwa kisha akawahi safu ya kwanza anajua pia. Hatuhitaji fatwa mpya wala waraka mpya.

Wahenga walituachia kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawakusema ni mpenzi wa serikali, wala hawakusema atapewa basi. Maaskofu walipokataa ile zawadi ya Soweto walipoteza nyumba ya padre na wakabaki na uwezo wa kusema kesho. Mtihani wao ni kama watakataa pia zawadi ya mwanasiasa wanayempenda, maana huyo naye atakuja. Mtihani wetu ni huo huo. Ikija pesa kutoka kwa mtu wa kwetu, wa kabila letu, wa dini yetu, aliyekula mali ya umma kwa mikono miwili, tutamwambia akawarudishie wenyewe, au tutampigia makofi?